Saa za Fundi Mkasi

Sheria ya kazi ya nchi hii inamtaka kila mwajiri abandike ukutani karatasi ya haki za wafanyakazi, mahali ambapo kila mtu ataiona. Alhaji aliibandika. Ilikuwa nyuma ya mlango wa karakana, juu kidogo ya misumari ya kutundikia makoti, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikumbuki saa ya kazi niliyoiona nzima. Wakati wa baridi ilifunikwa na makoti, wakati wa joto ikafunikwa na mifuko ya watu na miavuli. Mimi niliisoma yote, kwa kuwa nilikuwa nafika wa kwanza kufungua, na kabla wenzangu hawajaingia nilikuwa na dakika kumi za kusimama na kikombe changu cha chai. Kwa hiyo nisijifanye sikujua. Katika watu kumi na wanne wa karakana ile, aliyejua vizuri kuliko wote ni mimi.

Karakana ilikuwa Kensington, Johannesburg, nyuma ya duka la Alhaji la vitambaa na sare kwenye barabara kuu, na tulikuwa tunashona sare za shule. Mwenye mali alikuwa Mtanzania mwenzetu wa Dar es Salaam, mtu wa rika la baba yangu. Alikuwa amekwenda Makka, ndiyo maana wote tulimwita Alhaji. Mafundi wengi walikuwa wa Tanga na Unguja, na Wakongo wawili waliokuwa wakigombana na kila mtu kuhusu redio. Mimi mama yangu ni wa Morogoro, baba yangu ni mtu wa huku aliyekuwa uhamishoni enzi za kupigania uhuru. Aliporudi kwao alitubeba sote. Ndivyo nilivyopata kitambulisho cha hapa, Kiingereza na Kizulu, na kwa vitu hivyo vitatu Alhaji akanifanya msimamizi, mkalimani na mtunza daftari la mahudhurio. Kushona kwenyewe sijui. Hata kifungo changu nashonewa.

Fundi mkasi naye alikuwa hashoni, lakini bila yeye hakuna aliyeshona. Kazi yake ilikuwa kukata. Alitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka yakafika arobaini, akachora kwa chaki, akapitisha mashine ya kukatia, na suruali arobaini zikatoka kwa mkato mmoja. Akikosea yeye, zote arobaini zimekwenda na maji. Sikuwahi kumwona akikosea. Alikuwa mzee wa Tanga, mwembamba, msafi kupita kiasi, mwenye tabia ya kupuliza chaki vidoleni kabla ya kukupa mkono.

Msimu wa sare huanza mwezi wa kumi na kwisha shule zinapofunguliwa mwezi wa kwanza. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyoweka ugali mezani mwaka mzima, na ndiyo miezi ya ovataimu. Karatasi ya ukutani ilieleza kwa lugha rahisi kabisa. Saa za kawaida ni arobaini na tano kwa wiki. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, hakuna wa kukulazimisha, na zisizidi kumi kwa wiki. Kila saa ya ziada inalipwa saa moja na nusu. Jumapili, kama si siku yako ya kazi, inalipwa mara mbili. Na chini, kwa herufi ndogo kidogo, kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulijua: mkikubaliana, mfanyakazi anaweza kuacha fedha akachukua muda. Saa moja aliyofanya inampa saa moja na nusu ya kupumzika huku mshahara wake unaendelea. Muda huo apewe ndani ya mwezi mmoja, labda iwe mmeandikiana kwamba utakaa mpaka mwaka.

Mimi ndiye niliyemwambia habari hiyo. Ningekaa kimya, ningekuwa na usingizi mzuri zaidi leo.

Mkewe alikuwa Tanga, anaumwa figo. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu, na kila safari ililipiwa na mkasi wa mumewe huku Johannesburg. Hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Mwaka ule madaktari walianza kusema na watoto pembeni, na mwanamke mwenyewe akatuma ujumbe wa sauti ambao mzee alinisikilizisha tumekaa juu ya marobota ya kitambaa. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Baba watoto, njoo nikutazame."

Sasa hebu fikiri. Likizo yake ya mwaka ilikwisha kuliwa mwezi wa sita, karakana ilipofungwa kwa kukosa kazi. Akienda bila mshahara, atakaa kando ya mkewe huku fedha ya kumsafisha damu haipo. Asipoenda, damu itasafishwa na mke atakufa hajamtazama. Aliniambia hivyo hivyo, bila kupamba, akipuliza vidole vyake.

Ndipo nikaokota kipande cha karatasi ngumu ya kuchorea mitindo nikampigia hesabu. Saa tatu za ziada kila siku, siku tano, ni kumi na tano kwa wiki. Wiki kumi na mbili za msimu zitampa saa mia moja na themanini. Ongeza nusu yake, unapata wiki sita nzima za kukaa nyumbani, na mshahara unaingia kama kawaida.

"Wiki sita?" akauliza.

"Wiki sita, mzee wangu. Sheria ndiyo inavyosema."

"Na mshahara?"

"Na mshahara."

Alikikunja kile kipande cha karatasi akakitia kwenye mfuko wa shati.

Tulikwenda kwa Alhaji pamoja. Alhaji hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivi kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumfanya mbaya. Alikubali hapo hapo. Alimuombea mgonjwa, akasema mzee afanye msimu wake, mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa tu apande basi. Nikasema, Alhaji, tuandikiane, maana muda wenyewe utapita mwezi mmoja. Wote wawili walinitazama kana kwamba nimetema mate juu ya mswala.

"Tunasali safu moja," Alhaji akasema. "Sasa mimi na huyu tuandikishane?"

Na mzee mwenyewe akadakia, "Aah, mwanangu, usinitie aibu. Saa zangu ni amana kwa Alhaji. Na wewe unaandika daftari, wewe ndiye shahidi wangu."

Sote watatu tulisoma chuo cha Kurani utotoni, na sote tulijua kwamba dini yenyewe imeamuru deni liandikwe. Lakini kwetu mtu akikutolea karatasi amekuona mwizi. Ndivyo tulivyolelewa, na tumeibeba tabia hiyo mpaka nchi ya watu ambako bila karatasi huna kitu.

Lililofuata ndilo ninaloona taabu kuliandika. Sheria inasema saa za ziada zisizidi kumi kwa wiki, na mzee alikuwa anafanya kumi na tano. Tena ukiandika saa za ziada kwenye daftari, lazima kuwe na malipo yake au mapumziko yake ndani ya mwezi, na kwa mzee hayakuwepo. Mkaguzi akija, daftari litamfunga Alhaji. Basi Alhaji akaniita, akafunga mlango. Akaniambia wale wanaochukua fedha niwaandikie kumi, zinazozidi atawalipa mkononi. Mzee nimwandikie arobaini na tano tu kila wiki. "Zake tunazijua mimi na wewe," alisema. Mwisho wa msimu alikuwa ananipa bahasha kwa kutunza daftari vizuri. Nilikuwa na binti anaanza sekondari, na kodi ya nyumba Randburg haingoji mtu.

Nikaandika. Wiki kumi na mbili, kila jioni, mzee akiwa bado ameinama mezani anakata sketi za wasichana ambao hatawajua, mimi nilikuwa ofisini naandika kwamba ametoka saa kumi na moja na nusu. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Umeme ukikatika aliendelea kuchora kwa taa ya betri ili ukirudi akate mara moja, na zile dakika pia hazikuandikwa. Nilikuwa nikipita namwambia, "Mzee, leo umefikisha wiki nne," au "wiki tano na siku mbili," naye anacheka, anasema, "Endelea kuniwekea."

Alhaji alikufa wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Alianguka dukani asubuhi, kati ya wazazi waliokuja kugombania soksi na tai, na alasiri ile ile tukamzika. Tiketi ya basi ya mzee ilikuwa ya Jumamosi inayofuata.

Kwetu, kabla maiti haijasaliwa, mtu wa familia husimama akawaambia watu: anayemdai marehemu atuone, na aliyekosewa naye amsamehe. Watoto wa Alhaji walizaliwa huku. Kiswahili wanakisikia lakini hakiwatoki mdomoni, kwa hiyo mzee mmoja wa msikitini alisimama badala yao. Akasema maneno yale, jeneza likiwa mbele yetu limefunikwa kitambaa cha kijani ambacho fundi mkasi mwenyewe alikikata asubuhi ile. Kisha akauliza, "Mmemsamehe?"

Nilikuwa safu ya mbele pamoja na mafundi wote. Nikaitika wa kwanza, kwa nguvu, "Tumemsamehe!" Sikufikiri. Ndivyo mtu anavyoitika. Safu nzima ikanifuata, na ubavuni kwangu nikaisikia sauti ya mzee, ya chini lakini wazi, "Tumemsamehe."

Siku tatu baadaye mzee alikwenda kumwona mtoto mkubwa wa Alhaji, aliyeshika kazi. Nikaitwa nikatafsiri. Ofisi ilikuwa bado inanukia ubani. Kijana alikuwa na adabu, hajalala siku kadhaa, na mezani mbele yake kulikuwa na daftari langu.

"Mwambie," mzee akaniambia, "Alhaji alikuwa ameniwekea wiki sita. Nahitaji anipe ruhusa tu na mshahara uendelee, fedha za juu yake sidai."

Nikatafsiri. Kijana akasema kwa Kiingereza kwamba hataki baba yake alale kaburini na haki ya mtu. Kama ziko kwenye daftari, mzee aende hata kesho na mshahara wake utamfuata. Akafungua. Akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na tano.

"Eish," akasema taratibu. Akaniinulia uso. "Uncle, mwandiko huu ni wako?"

Nikasema ndiyo.

"Na ni sahihi?"

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi, na niliivuta. Nilimwona binti yangu kwenye sare mpya. Niliona kwamba nikisema si sahihi, swali la pili litakuwa nani alinilipa niandike uongo, na la tatu litakuwa kwa nini nibaki na kazi. Nikasema, "Ndiyo, ni sahihi."

Mzee hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya vitambaa na vipimo. Lakini ndiyo ya Kiingereza kila mtu anaijua.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Anasema daftari halionyeshi kitu."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia mimi ndiye niliyeandika."

Akanitazama. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Badala yake akasimama, akampa kijana mkono wa pole kwa mara nyingine, akaniambia, "Basi. Nami nilikwisha kumsamehe mbele ya jeneza. Wewe ulianza, mimi nikafuata." Akarudi mezani kwake. Jumamosi ile basi liliondoka bila yeye, na tiketi haikurudishwa fedha.

Nilikuwa nikimwona kila siku. Alinisalimia, alinijibu, alichukua maagizo ya kazi. Hakuwaambia wenzake. Laiti angewaambia. Watu wa Unguja wangenisema mpaka nikahama mji, na mimi ningepata pa kujitetea.

Mwezi wa pili nilimdanganya kijana kwamba naenda kwa daktari, nikapanda basi mpaka Braamfontein. Karibu na chuo kikuu kulikuwa na wanafunzi wa sheria wanaosaidia watu bure, na nikaangukia kwa binti wa Kikenya mwenye miwani mikubwa. Nilimweleza kila kitu, nikisema ni habari ya rafiki yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

"Sawa, uncle," akasema. "Hiyo ya kusamehe kwa mazishi, sheria haiitambui. Haki kama hizo mtu hawezi kuzitupa kwa mdomo, hata angetaka. Biashara inaendelea, deni linaendelea. Huyo mzee ama wampe siku zake, ama wamlipe saa na nusu kwa kila saa. Kesi iko."

"Hata kama daftari linasema hakufanya?"

"Hapo sasa ndipo tunahitaji yule aliyeandika. Aje aape kwamba aliandika uongo."

"Na akiapa, atafanywa nini?"

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. "Siwezi nikakudanganya. Kuandika rekodi za uongo ni kosa. Na kazini sidhani watamweka." Kisha akanipa fomu ya kiapo, tupu, na kalamu. "Ukitaka tuandike saa hii, mimi niko hadi saa kumi."

Hakusema rafiki yako. Alisema ukitaka. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo, nikaikunja fomu nikaitia mfuko wa ndani wa koti nililokuwa nalivaa hata wakati wa joto.

Sikurudi wiki ile wala iliyofuata. Kila asubuhi nililitundika lile koti kwenye msumari wangu, fomu ikiwa ndani, juu ya karatasi ya haki za wafanyakazi. Nilijiambia nangoja binti amalize muhula. Nilijiambia mzee mwenyewe hataki kesi. Siku moja nilijiambia huenda mgonjwa atapona, nami nilikuwa mtu mzima ninayejua figo ni nini.

Alikufa mwezi wa tano, baridi ilipokuwa inaanza. Walimzika Tanga siku ile ile. Mzee alipata habari yuko kwenye meza ya kukatia, na aliyemshika mkono ni mmoja wa wale Wakongo. Mimi nilikuwa ofisini. Nilitoka nikakuta mashine imezimwa, watu wamesimama, na yeye anaukunja mkasi mdogo ndani ya kitambaa chake kama anavyofanya jioni. Kitambaa cha tabaka arobaini kilikuwa kimekatwa nusu. Alikaa kidogo kwenye stuli. Kisha akawasha mashine akakimalizia, kwa sababu kikiachwa hivyo tabaka huteleza na chote kinaharibika.

Ijumaa tulimsalia msikitini, ile sala ya maiti asiyekuwepo. Hakuna jeneza, unasimama tu unaelekea kibla na mbele yako kuna zulia. Kabla imamu hajaanza, mzee akaomba nafasi. Akasimama mbele ya watu ambao hata mmoja hakuwahi kumwona mkewe. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri.

"Ndugu zangu," akasema, "mke wangu ametangulia. Kama kuna anayemdai, anione mimi, nitalipa. Na kama alimkosea mtu, namuombea msamaha. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!" msikiti ukaitika.

Mimi sikuitika. Mwanamke yule hakuwa na deni kwa mtu yeyote ndani ya jengo lile. Yeye ndiye aliyekuwa akidai, wiki sita, na mwenye daftari lake alikuwa amesimama safu ya pili ndani ya koti zito.

Tulipotoka walipanga mstari wa kumpa mzee mkono. Nilikuwa wa mwisho, nilihakikisha hivyo. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu mwezi wa kwanza. "Mzee wangu, nisamehe."

Hakuuondoa mkono wake. Alikuwa amechoka sana.

"Mimi sina neno nawe, mwanangu," akasema. "Aliyekuwa anangoja ni yeye."

Akaenda kutafuta viatu vyake. Saa nane na nusu sote tulikuwa tumerudi karakanani, na mashine zimewashwa. Nilitundika koti, nikaingia ofisini, nikafungua daftari kwenye mstari wa jina lake. Nikamwandikia saa zake za siku ile zote, bila kupunguza hata moja.